Huoni na Unataka Kuuza Vipodozi? Anzia Hapa

Swali hili linaulizwa na vijana waliomaliza shule, akina mama waliopoteza uoni ukubwani, na wazazi wenye mtoto asiyeona anayetafuta pa kuanzia maisha: je, mtu asiyeona anaweza kutembeza vipodozi, akauza mkono kwa mkono, akapata riziki ya kueleweka?

Anaweza. Mafuta ya kujipaka hupimwa kwa kidole, manukato kwa pua, na mteja hurudi kwa sababu ya maneno aliyoambiwa na jinsi alivyohudumiwa. Wanaoanguka katika kazi hii kwa kawaida huangushwa na mambo matatu: begi lisilo na mpangilio, madeni yaliyozagaa mitaani, na bidhaa ambazo muuzaji mwenyewe hazijui. Yote matatu yana dawa. Ushauri huu ni wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, lakini mengi yatamfaa na aliye Musoma au Bukoba.

Chagua mlango wa kuingilia

Milango iko mitatu:

- Kampuni za mauzo ya moja kwa moja, kama Oriflame au Forever Living. Unajisajili, unanunua kwa bei ya mwanachama, unauza kwa bei ya orodha.
- Kununua jumla mwenyewe katika maduka ya katikati ya jiji na kuuza rejareja.
- Mali kauli. Mwenye duka anakupa bidhaa, unauza, unampelekea fedha yake na faida inabaki kwako.

Kwa anayeanza bila mtaji, mali kauli ndiyo salama zaidi, ilimradi mhesabiane mbele ya shahidi na kila mmoja abaki na orodha. Yako irekodi kwa sauti kwenye simu, papo hapo, mwenye duka akisikika akitaja idadi na bei.

Ukienda kwenye kampuni, uliza haya kabla ya kutoa shilingi:

1. Kujisajili ni kiasi gani, na je, ni lazima ninunue kiasi fulani kila mwezi?
2. Bidhaa isiyouzika nairudisha kwa utaratibu gani?
3. Faida yangu inatokana na kuuza au na kuleta watu?
4. Orodha ya bei mnaweza kunitumia kwa maandishi ya kawaida yanayosomeka na simu?

Swali la tatu ndilo la kukulinda. Ukisikia sifa nyingi za kuingiza watu na kidogo sana kuhusu bidhaa, ondoka. Watanzania walilia na upatu wa DECI mwaka 2009, Serikali ilipoifunga baada ya watu wengi kupanda fedha zao wakisubiri kuvuna. Upatu wa aina hiyo unakatazwa na sheria, hata ukivishwa kopo la losheni.

Na ukikataliwa usajili kwa sababu tu huoni, taja kwa utulivu Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Inakataza ubaguzi.

Anza na vitu ambavyo mkono unavijua

Usianze na rangi za mdomo na poda za uso. Anza na aina tano au sita tu:

- mafuta mazito ya kujipaka
- losheni ya mwili
- sabuni za kuogea
- mafuta ya nywele
- manukato na deodoranti
- mafuta ya midomo yasiyo na rangi

Kila kimoja kitumie wewe mwenyewe kwa muda kabla ya kukinadi. Jua kama kinanata, kinakauka upesi au kinaacha mng'ao wa mafuta, na harufu yake inadumu hadi saa ngapi. Anayeona mara nyingi humsomea mteja lebo. Wewe utamwambia kile ambacho ngozi yako imekijua.

Tahadhari ya pua: ukinusa manukato mengi mfululizo, pua inachoka na yote yanaanza kufanana. Nusa matatu, pumzika, toka nje upate hewa, kisha endelea. Mteja naye mfanyie hivyo hivyo.

Mkorogo usiuguse

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Utaletewa mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi. Utaambiwa zinatoka haraka na faida yake ni nono. Krimu nyingi za aina hiyo zimewekwa zebaki, haidrokwinoni au steroidi, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini. Zebaki huharibu figo, na hupita kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Steroidi huikondesha ngozi hadi hata kidonda kidogo kikashindwa kupona.

Muuzaji asiyeona ni mtego mzuri kwa tapeli wa jumla, kwa kuwa anadhani hutasoma lebo. Kwa hiyo:

- Nunua duka lile lile, lenye risiti. Usinunue kwa mtu anayepita na mfuko.
- Piga picha lebo na uisomeshe kwa programu kama Lookout au Seeing AI. Tafuta viambato, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na jina la mtengenezaji.
- Kopo lisilo na lebo, au lililofunguliwa na kufungwa tena, lirudishe hapo hapo.
- Ukiwa na shaka, uliza Shirika la Viwango Tanzania (TBS). TBS ndiyo inayosimamia vipodozi tangu mwaka 2019, jukumu hilo lilipotoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza.

Jambo jingine: losheni ya kukinga jua ya Kilisun, inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino, hutolewa bure. Ukiuziwa, usinunue, na wewe usiiuze. Msomaji mwenye ualbino na uoni hafifu anayetaka kazi hii aipate losheni hiyo kwa utaratibu wake, avae kofia pana na mikono mirefu, na ratiba yake iwe ya asubuhi na jioni.

Begi lako ndilo duka lako

Tafuta begi la mgongoni lenye vyumba, linaloweza kuvaliwa kifuani ukiwa kwenye daladala au sokoni. Kila bidhaa iwe na chumba chake kisichobadilika. Losheni ikikaa kushoto leo, ikae kushoto hata mwakani.

Makopo yanayofanana yawekee alama:

- Mpira wa pesa mmoja shingoni kwa losheni ya watu wazima, miwili kwa ya watoto.
- Uzi uliofungwa fundo kwenye mafuta ya nywele.
- Kipande cha karatasi ya gundi chenye nukta nundu kwa anayezisoma. Herufi mbili tu zinatosha.
- Kopo la majaribio lifungwe kitambaa, ili usije ukamuuzia mtu lililotumika.

Alama iwe juu ya kopo lenyewe, siyo kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana, hasa mteja anapofungua mawili kwa pamoja.

Kila jioni mwaga vyote juu ya kitanda, hesabu kwa mkono, futa makopo, rudisha kila kimoja mahali pake, kisha irekodi idadi kwa sauti. Mtu wa nyumbani akitaka kukusaidia kupanga, mshukuru, lakini mwambie asiguse begi. Msaada wa aina hiyo ndio unaokufanya umpe mteja losheni ya watoto akiwa ameomba ya watu wazima.

Usiliache begi juani wala karibu na jiko. Joto huyeyusha mafuta ya midomo na kutenganisha losheni maji na mafuta. Losheni ikitoka majimaji au ikinuka tofauti na ulivyoizoea, itoe kwenye mauzo.

Noti, chenji na simu

Noti zetu hazilingani ukubwa: ya elfu kumi ndiyo kubwa, na ukubwa unapungua hadi ya elfu moja. Tofauti ni ndogo, hivyo kata kipande cha karatasi ngumu chenye urefu wa noti ya elfu moja, kikusaidie kupimia. Ukishaitambua noti, ikunje kwa utaratibu wako: elfu moja bila kukunja, elfu mbili mkunjo mmoja, elfu tano mikunjo miwili, elfu kumi kwa urefu wake.

Wakati wa malipo:

1. Pokea noti moja moja.
2. Taja kwa sauti: "Mama, umenipa elfu kumi, bei ni elfu tano na mia tano, nakurudishia elfu nne na mia tano."
3. Usiiweke noti mfukoni kabla mteja hajapokea chenji. Ikitokea ubishi, noti bado imo mkononi.

Afadhali zaidi mteja alipe kwa simu. Chukua lipa namba kwa wakala wa mtandao wako, uikariri, na uibandike kwa maandishi makubwa kwenye begi.

Simu janja nyingi za Android zina TalkBack, inayosoma kila kilichopo kwenye kioo. Iwashe katika mipangilio, sehemu ya Ufikivu, na uchague sauti ya Kiswahili. Mambo ya kuzingatia:

- Vaa spika za masikioni unapoweka namba ya siri, na zima kioo kwa amri ya TalkBack ya kukificha. Usimpe mtu simu "akusaidie" kutoa fedha, awe wakala au ndugu.
- Menyu za nyota na reli hukatika upesi. Kariri mfuatano wa namba au tumia programu ya mtandao husika.
- Ujumbe wa "umepokea" unaotoka kwenye namba ya kawaida ni wa matapeli. Angalia salio kwanza, ndipo utoe bidhaa.

Fuata fedha inapoingia

Wateja wa ziwani hawapati fedha wote siku moja, hivyo zijue kalenda zao tatu.

*Mialoni.* Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokolea, mitumbwi mingi hupumzika na mwalo mzima unakauka fedha. Peleka bidhaa Igombe, Kayenze au kambi yoyote ya dagaa giza linaporudi na mauzo yameshaanza. Wakati wa mbalamwezi fanya kazi mjini.

*Wafanyakazi.* Walimu, wauguzi wa Hospitali ya Bugando na watu wa viwanda vya samaki hununua siku chache baada ya mshahara. Kuanzia katikati ya mwezi wataomba mkopo.

*Wanafunzi.* Malimbe, kwenye Chuo Kikuu cha SAUT, boom, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, likitoka manukato hayakai. Likiisha, usiende.

Mahali pa kuuzia pawe pale watu wanapokaa pamoja: saloni, vikao vya vikoba, baada ya ibada, chumba cha kushonea. Kikao kimoja cha kikoba kina wateja wengi kuliko kupiga hodi mtaa mzima, na hakikuchoshi miguu.

Kumhudumia mteja, hatua kwa hatua

Chukua mfano wa mama anayeanika dagaa Mwaloni, Kirumba. Tangu alfajiri mikono yake imeshinda kwenye maji na magamba, kisha jua. Ukimshika mkono utasikia ngozi ya viungo vya vidole imekakamaa na kupasuka kama udongo wa mbuga kiangazi. Huyu hahitaji kuhubiriwa urembo.

1. Msalimie ipasavyo. Shikamoo kwa mkubwa, na "mwangaluka" ya asubuhi haijawahi kumkera Msukuma.
2. Jitambulishe kwa jina na kazi, usijitambulishe kwa ulemavu: "Naitwa fulani, nauza mafuta na losheni."
3. Uliza kabla ya kushika: "Mama, naomba nikupake kidogo mkononi?" Akikubali, mwombe anawe kwanza.
4. Toa kiasi cha punje ya haragwe, kwa kijiti safi na siyo kwa kidole, upake mgongo wa mkono mmoja tu. Mwache aulinganishe na mwingine.
5. Nyamaza. Mpe nafasi ayasikie mafuta.
6. Taja bei mara moja, bila kuomba radhi.
7. Ngozi ikiwa nyepesi kukasirika, apake kidogo nyuma ya sikio na asubiri hadi kesho yake kabla ya kujipaka mwili mzima.
8. Penye kidonda, usaha au muwasho usioisha, mwelekeze zahanati. Usiuze.

Hesabu isiyodanganya

Tazama mfano huu. Umenunua makopo 12 ya losheni kwa shilingi 4,000 kila moja. Mtaji ni 48,000. Umeuza kwa 5,500, umepata 66,000. Tofauti ni 18,000. Toa nauli 4,000, bando 2,000, na 3,000 za kijana aliyekusindikiza. Faida yako ni 9,000.

Sasa chukulia wateja wawili walikopa na hawakulipa. Hiyo ni 11,000. Umefanya kazi yote na umepata hasara ya 2,000. Ndiyo maana nasema madeni yanaua biashara hii kuliko kitu kingine.

Kanuni za kukopesha:

- Mteja mpya hakopi.
- Mteja wa kudumu anakopa kopo moja, na la pili hapati mpaka alipe la kwanza.
- Deni lirekodiwe kwa sauti yake: jina, kiasi, siku ya kulipa.
- Jumla ya madeni isizidi faida ya mzunguko mmoja. Katika mfano wetu, hata deni la pili limeshazidi.

Mtaji na faida vikae mifuko miwili, au laini mbili za simu.

Njia na usalama

- Panga njia chache za kudumu, siku zile zile, ili watu wakuzoee na wewe uzizoee.
- Eneo la biashara la Makoroboi bidhaa hutandazwa chini na watu husukumana. Ingia asubuhi mapema kabla hapajafurika, ukiwa na fimbo nyeupe mkononi.
- Nyumba za juu ya miamba, kama za Mabatini na Igogo, usizipande na begi zito. Kubalianeni na wateja mkutane chini barabarani.
- Uwe na bodaboda wawili unaowafahamu kwa jina na kwa sauti. Bei mpatane kabla ya kupanda.
- Kwenda Ukerewe, fika bandarini mapema na mwombe mhudumu wa chombo akuonyeshe koti la kujiokolea liliko.
- Wateja wa Sengerema sasa unawafikia kwa basi, bila kusubiri kivuko, tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Panga safari kwa oda zilizokwishathibitishwa kwa simu.

Mtaji unatoka wapi?

Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Ukiwa Nyamagana fungu lako liko Halmashauri ya Jiji. Ukiwa Ilemela liko Manispaa.

Anzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Muulize kikundi kinahitaji watu wangapi, na nyaraka zipi. Beba kitambulisho cha NIDA. Chama cha Wasioona Tanzania, TLB, kitakuunganisha na wenzako wa kuanzisha nao kikundi. Ukiwa hapo hapo kwenye kata, ulizia pia kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo, usije ukasumbuliwa barabarani.

Mikopo ya kausha damu iogope. Faida ya losheni haiwezi kulipa riba ya kila wiki.

Maswali mnayouliza zaidi

*"Na rangi? Wateja wanataka rangi za mdomo."* Ongeza rangi baada ya miezi kadhaa. Kila rangi ina namba au jina. Weka alama kwa namba hiyo. Mteja ajitazame mwenyewe kwenye kioo, nje kwenye mwanga wa mchana. Usimwambie imempendeza. Mwambie inadumu kiasi gani na inatokaje.

*"Watanunua kwa kunihurumia."* Wapo watakaofanya hivyo, mara ya kwanza. Wahudumie kama wengine, chukua namba, na baada ya wiki tatu wapigie uulize losheni imewafaaje. Anayenunua mara ya pili amenunua bidhaa.

*"Lazima niwe na msaidizi?"* Kwa njia mpya, ndiyo. Mlipe, hata kidogo, na mpe kazi yenye mipaka: kuongoza njia. Fedha, bei na maongezi na mteja ni vyako. Mteja akimwuliza yeye, jibu wewe.

*"Mwanangu asiyeona ataweza? Naogopa ataibiwa."* Mzazi, kila mfanyabiashara huibiwa siku moja. Mfundishe noti, mfundishe simu, mwache aanze na makopo manne kwa majirani. Kumfungia ndani nako ni hasara, na hiyo hailipiki.

Makosa yanayorudiwa

1. Kununua aina 20 siku ya kwanza.
2. Kuahidi kwamba losheni inatibu. Ni kipodozi, siyo dawa.
3. Kubadilisha bei kwa kila mteja. Watu wa mwalo mmoja huulizana.
4. Kushusha bei ili kulipa fadhila ya mtu aliyekuvusha barabara. Asante inatosha.
5. Kula mtaji wakati wa mbalamwezi au likizo za chuo. Weka akiba ya siku hizo mapema.
6. Kukubali bidhaa iliyokaribia kuisha muda kwa sababu imepunguzwa bei.

Wiki hii fanya mambo matatu: chagua bidhaa sita, ziwekee alama, na uzitumie mwenyewe. Wiki ijayo nenda kwa afisa maendeleo ya jamii na kwa mwenye duka mmoja wa jumla. Kisha beba begi, utoke. Na wewe mnunuzi unayesoma haya, muuzaji asiyeona akifika mlangoni pako, muulize bei, jaribu bidhaa, na ukiipenda mlipe siku hiyo hiyo.